Risasi gani inamtosha musi?

Mdogo wangu alipiga simu ya video jioni moja, mimi na mjomba tumekaa barazani hapa Masindi tunakunywa chai, na hata salamu hazijaisha akatandaza risasi tatu kwenye meza ya jikoni kwake kule Umeå, Sweden, akasogeza simu karibu mpaka tukaweza kusoma maandishi yaliyogongwa nyuma ya ganda. Moja nyembamba yenye kichwa kirefu, moja ya kati, na ya tatu nene kweli kweli.

"Mjomba, hizi tatu, kwa musi, wewe ungechukua ipi?"

Mjomba akaweka kikombe chini. Alikuwa askari wa Game Department miaka ile kabla haijaunganishwa na watu wa mbuga kuwa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, mwaka 1996, na musi, yule ayala mkubwa wa nchi za baridi, hajawahi kumwona ila kwa picha, lakini nyati na viboko wasumbufu amewafuata sana.

"Ikikuta mfupa wa bega," akauliza, "inafika wapi?"

Mdogo wangu akaanza kumtajia spidi na nguvu na namba za kwenye boksi. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali lile lile tena. Netiweki ikakata.

Na mimi nikabaki nalo. Wiki zimepita, nikiwa kazini linanijia, nikiwa kwenye boda linanijia, ndiyo maana naandika.

## Kwa nini linanihusu

Mimi siwindi. Kazi yangu ni kukagua nyama machinjioni, alfajiri, gamboti miguuni, na kitu ambacho miaka ya kazi hii imenifundisha ni kwamba mnyama aliyekufa vibaya anajulikana hata kama hukuwepo alipokufa. Ng'ombe aliyehangaika muda mrefu kabla ya kisu, nyama yake inakuwa nyeusi, kavu, inanata kidoleni, na haikai, inaharibika haraka. Sukari iliyomo kwenye misuli imeshaisha kwa kukimbia na kuogopa, kwa hiyo ile asidi inayotakiwa kujitengeneza baada ya kifo haipatikani. Mwili unaandika kila kitu.

Na sisi tumelelewa na mafundisho ya kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Usimnolee kisu mbele ya macho yake. Usimchinje mwenzake akiona.

Sasa huyu mdogo wangu amehamia nchi ambayo kuwinda musi ni jambo la kijiji kizima, Septemba ikiingia kule kaskazini watu wanaomba likizo kazini, na majirani zake wamemkaribisha kwenye kikundi chao cha uwindaji. Nilifurahi. Halafu nikawaza, atasimama mbele ya mnyama ambaye kimo chake begani ni karibu mita 2, dume la Sweden linafika kilo 400 au 500 na wale wa Alaska wanapita 600, yaani ayala mwenye uzito wa kukaribia pofu wetu wa Lake Mburo, na hana kamba ya kumfunga wala watu wa kumshika. Ana risasi moja.

Je, hiyo risasi inaweza kutimiza kile ambacho kisu kilichonolewa kinatimiza?

## Kubwa zaidi, basi si salama zaidi?

Nilidhani mjomba atasema chukua ile nene. Yeye mwenyewe porini alibeba bunduki kubwa ya .375, na hiyo nene ya pale mezani, nilivyokuja kusoma, ina historia ya huku kwetu. Inaitwa 9.3x62, ilitengenezwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi wa Kijerumani Afrika, watu wa mashamba ambao hawakuwa na pesa ya kununua bunduki ghali za Kiingereza za mitutu miwili na walitaka kitu cha kuingia kwenye bunduki ya Mauser ya kawaida. Jirani zetu wa Tanganyika waliifahamu vizuri. Leo Waswidi wanaipenda kwa musi kuliko karibu watu wengine wote. Kichwa chake kina gramu 18.5 hivi na inatoka mtutuni na nguvu ya jouli kama 4800.

Nikaona mjadala umekwisha. Mnyama mkubwa, risasi kubwa.

Mjomba akaniuliza tu, "Huyo kijana amepiga bunduki kubwa lini?"

Basi mdogo wangu akaazima 9.3 ya jirani yake akaenda nayo uwanja wa shabaha, na yule jirani, mzee wa makamo, akamfanyia kitu ambacho nimekiangalia kwenye video mara nyingi mno. Alichukua bunduki akaipakia mwenyewe bila kumwonyesha, mara risasi ya kweli, mara ganda tupu la mazoezi. Mdogo wangu hajui ipi ni ipi. Mlio wa kwanza, bega likarudi nyuma, sawa. Wa pili, sawa. Halafu likaja lile tupu: anavuta, kinalia "tak" peke yake, hakuna moto hakuna teke, lakini mdomo wa mtutu unashuka chini ghafla, na ukisimamisha video hapo unaona macho yake yamefumba kabisa.

Ndiyo kusema hata kwenye zile za kweli alikuwa anafumba. Mlio tu ulikuwa unaficha.

Mtutu ukishuka kiasi kile, risasi iliyotakiwa kwenda kwenye mapafu inakwenda kwenye mguu wa mbele au inapita chini ya kifua, na kama wakati huo mnyama anapiga hatua mbele, inaingia tumboni. Jouli 4800 kwenye utumbo. Mimi najua utumbo uliopasuka ukoje, najua harufu yake, najua nyama inayotupwa kwa sababu yake, na mnyama aliyepigwa pale anaweza kutembea masaa mengi bado yu hai.

Idara ya wanyamapori ya Alaska, ambako musi ni wakubwa kuliko wote, inawaambia wawindaji waziwazi kwamba bunduki ya kawaida kama .308 au .30-06, ikiwa na kichwa cha ubora na ikipigwa mahali pake, inaua hata musi mkubwa, na kwamba malalamiko ya waongozaji wao ni juu ya wageni wanaokuja na silaha ambazo hawawezi kulenga nazo. Nilisoma hapo nikasimama kidogo.

Kwa hiyo ndogo inatosha?

## Bell wa Karamoja

Ukiingia kwenye mabishano haya, haichukui muda kabla mtu hajakuletea jina la Bell. Mskochi W.D.M. Bell, aliyezaliwa 1880, alikuja Karamoja yetu hii mwanzoni mwa karne iliyopita kutafuta pembe, akaua ndovu zaidi ya 1000 maishani mwake, wengi wao kwa bunduki ya 7x57 ambayo watu wa siku hizi wanaiona ni ya swala. Wazungu wakambandika jina la nchi, Karamojo Bell, na mpaka leo anatumiwa kama ushahidi kwamba ukubwa wa risasi si kitu, shabaha ndiyo kila kitu.

Mdogo wangu aliniletea hoja hiyo kwa sauti ya WhatsApp, dakika kadhaa za furaha, kwa sababu ile risasi nyembamba pale mezani inakaribiana na hiyo: 6.5x55, jeshi la Sweden na Norway waliipitisha mwaka 1894, na imekuwa ikiangusha musi zaidi ya miaka 100. Haipigi teke. Ni tamu kupiga. "Dada, kama Bell aliua ndovu na 7x57, mimi musi anishinde?"

Nikaichezea mjomba ile sauti.

Mjomba akasema Bell alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na hili ni kweli, linajulikana. Alitumia vichwa vigumu vilivyofunikwa chuma chote, visivyochanua, yaani visivyofunguka ndani ya nyama, vizito na virefu, kwa sababu alitaka vipite kwenye mfupa vifike kwenye ubongo basi. Alipiga risasi kila siku kama kazi, miaka na miaka. Na alisogea karibu mno.

"Halafu," mjomba akasema, "wale waliokwenda na risasi yake mwilini, nani aliwahesabu?"

Hilo la mwisho lilinikaa. Hadithi za wawindaji wakubwa zinahesabu pembe. Mnyama aliyeondoka akafia kichakani siku nne baadaye haingii kwenye hesabu ya mtu yeyote, na mimi sikubali ushahidi unaohesabu upande mmoja tu. Nampa Bell heshima ya shabaha yake, lakini siwezi kumchukua kama sababu ya mtu anayeanza, anayesimama kwenye baridi na glavu mkononi, kuchagua risasi.

## Yule nyati

Niliporudi tena kwa mjomba, safari hii peke yangu, nilimwuliza lile swali la bega alilitoa wapi.

Akanieleza habari ya nyati mmoja upande wa Karuma, miaka ya vurugu, wakati SMG, yaani AK-47, zilikuwa mikononi mwa kila mtu na wanyama wa Murchison walikuwa wanamalizwa. Nyati huyo alikuwa anawashambulia wanawake kwenye njia ya maji. Wakatumwa kumfuata. Walipomwangusha na kumchuna wakakuta ameshapigwa zamani, na mtu asiyejulikana, kwa mbali, risasi kadhaa. Moja imelala kwenye nyama ya bega imegota kwenye mfupa, imezungukwa na usaha. Nyingine zimeingia nyuma, tumboni. Hakuna hata moja iliyofika kwenye mapafu.

Aliishi nazo. Mjomba hakujua kwa muda gani, ila vidonda vingine vilikuwa vimeanza kufunga.

Aliniambia hivyo huku ameshika goti lake, halafu akanyamaza, na mimi sikuuliza zaidi.

Kutoka hapo ndipo nikaanza kuzisoma sheria za Sweden kwa macho mengine. Wao wameandika hivi: kwa musi, kichwa cha risasi kikiwa na gramu 10 au zaidi, lazima kibaki na jouli 2000 kikiwa mita 100. Kikiwa kati ya gramu 9 na 10, lazima kibaki na jouli 2700. Chini ya gramu 9 hairuhusiwi kabisa, na kichwa lazima kiwe cha kuchanua.

Sasa chukua ile ya SMG tunayoiona kwa kila askari wa benki. Kichwa gramu 8, inatoka mtutuni na jouli kama 2000, hapo hata mita 100 haijafika, na ni ya jeshi, haichanui, inatoboa tundu jembamba. Kwa sheria ile haikaribii hata mlangoni. Nyati ni mzito kuliko musi wa Sweden, na ndiyo risasi aliyopigwa.

Na angalia vile walivyoipanga, kwamba chepesi kinadaiwa nguvu zaidi kuliko kizito. Mwanzoni niliona ni urasimu wa watu wa ofisini. Lakini lile ndilo jibu la mjomba limeandikwa kisheria! Kichwa kizito na kirefu kwa unene wake kinaendelea kuchimba kikishakutana na kizuizi, chepesi kinasimama mapema. Ndiyo maana 6.5 ya Waswidi, yenye kichwa kirefu cha gramu 10.1, imefanya kazi muda wote huo wakati nyingine zenye spidi kubwa zaidi ziliwasaliti wawindaji.

## Kichwa chenyewe

Watu wanabishana majina ya risasi na kusahau kwamba kinachomwingia mnyama ni kile kichwa tu, ganda linabaki na wewe.

Kikiwa laini mno na chepesi na kinakwenda kasi, kinapasukia kwenye mfupa wa bega vipande vipande, kidonda kinakuwa kipana na cha juu juu, kinatisha kukiangalia lakini mnyama anaondoka nacho. Kikiwa kigumu mno kinapita bila kufungua kitu. Kinachotakiwa ni kichanue kiasi, kibaki kimeshikamana, kiendelee mpaka upande wa pili, kikipita kwenye mapafu yote mawili. Mapafu yakitoboka yote, presha ya damu inaanguka, ubongo unakosa hewa, na mnyama anapoteza fahamu baada ya sekunde chache. Huo ndio mfano wa kifo ninaoufahamu kutoka kazini kwangu, wa kisu kikali kilichopita mara moja.

Yule jirani wa Umeå ana kichwa kimoja amekiweka kwenye kibakuli jikoni, alikitoa chini ya ngozi ya musi upande wa mbali baada ya kupita begani. Mdogo wangu alinitumia picha yake kikiwa juu ya mizani. Mbele kimekunjuka nje pande zote, shaba imejikunja kuelekea nyuma, madini ya risasi ya ndani bado yameng'ang'ania, na mizani inasoma gramu 10.6 kutoka 11.7. Nimeikuza ile picha mpaka nikaona michirizi ya mtutu kwenye kitako chake. Kimepoteza gramu moja hivi baada ya kuvunja mfupa na kuvuka kifua kizima.

Nikamwonyesha mjomba. Akavaa miwani, akaangalia sana.

"Hii imefika," akasema.

## Ya pili, na mbwa

Jambo moja sikulijua na limenibadilishia picha yote. Musi akipigwa vizuri kwenye mapafu mara nyingi haonyeshi chochote. Anaweza kusimama pale pale anaangalia, au akatembea taratibu kama hana habari, halafu akaanguka mita 50 au 100 mbele. Mwindaji mgeni anadhani amekosa. Kwa hiyo kule wanafundishwa kwamba akiwa bado amesimama, piga tena, usisubiri, usijisifu. Na hii inarudi kwenye bega lako, maana bunduki iliyokutikisa mpaka umepoteza picha kwenye darubini, ya pili utaipiga saa ngapi?

Halafu kuna mbwa. Sheria ya Sweden inataka kwamba mkiwinda wanyama wa aina hii lazima awepo mbwa aliyefundishwa kufuata mnyama aliyejeruhiwa, anayeweza kufika mahali pale ndani ya masaa mawili. Yaani kabla hujapiga, umeshamfikiria yule utakayemkosea. Nilipoisoma hiyo nikamwaza yule nyati na nikaumia kweli. Kwa Norway nako, kila mwaka mwindaji wa wanyama wakubwa lazima apige risasi tano mita 100 na zote tano ziingie kwenye duara la sentimita 30, akikosa moja haendi mpaka afaulu, hata kama amewinda tangu ujana. Napenda hicho kitu. Sioni kwa nini mtu aaminiwe na uhai wa mnyama kwa sababu tu aliweza mwaka jana.

## Alichochagua

Mdogo wangu amechukua ile ya kati, .30-06, kichwa cha gramu 11.7 cha aina ile ile ya kwenye kibakuli. Inatoka na jouli kama 3900 na mita 100 bado iko juu sana ya kile sheria inachodai. Anaweza kupiga ya pili bila kupoteza picha. Kwenye mchezo wa ganda tupu, mtutu sasa unatulia, nimeona video.

Mimi ningemwachia hata 6.5 na kile kichwa kirefu, kwa masharti kwamba mnyama amesimama ubavu, karibu. Mjomba hataki. Anasema musi hajasoma masharti yako, atageuka kidogo wakati unavuta, na hapo bega liko mbele ya mapafu na unahitaji akiba. Tumebishana sana juu ya hilo na hatujakubaliana, ila nakiri hoja yake ni nzito kwa mtu anayeanza, kwa mwenye miaka 20 msituni ningeshikilia yangu.

Tulichokubaliana wote watatu ni mita. Mdogo wangu hatapiga zaidi ya 100, hatapiga anayekimbia msimu huu hata kama pale uwanjani kuna musi wa mbao anayekimbizwa kwenye reli mita 80 na watu wanamgonga vizuri, na akiwa na shaka na pembe ya mwili hapigi, anamwachia mwenzake wa kituo kinachofuata. Alilalamika kidogo kwamba wenzake watamwona mwoga.

Mjomba akamwambia pesa ya darubini mpya anunulie risasi za mazoezi. Na akaomba asitumiwe tena picha za bunduki, atumiwe karatasi za shabaha, zote, pamoja na zile mbaya.

Ijumaa zimefika za kwanza. Kuna moja ameandika kwa kalamu pembeni, "mkono ulikuwa na baridi," na matundu mawili yako nje ya duara. Mjomba anataka arudie na glavu.